Gamba Nililomwazima Mwanamizi

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi, na sikumpenda ndugu yangu aliyezaliwa. Nalisema wazi kwa sababu wote ambao wangenigombeza wameshatangulia. Nilichokipenda mimi ni wanamizi. Mwanamizi ni yule kaa wa pwani mwenye tumbo laini lisilo na kinga, ambaye huokota gamba tupu la konokono wa baharini, akaingia kinyumenyume, akalibeba popote aendako. Wavuvi wa kwetu Bagamoyo walimtia kwenye ndoana kuwa chambo. Mimi nilimfuga, na kwa hilo nilichekwa mtaa mzima.

Nilikuwa nao saba, ndani ya debe la mafuta ya taa ambalo baba alilikata ubavu likawa kama hori dogo. Baba alikuwa mkwezi, akiangua nazi kwenye mashamba ya upande wa Zinga, akija nyumbani Alhamisi na kurudi kazini Jumamosi. Debe nililijaza mchanga wa pwani hadi nusu, nikaufunika kwa kipande cha gunia bichi, nalo nikaliweka uani chini ya upenu wa makuti. Chakula chao kilikuwa machicha ya nazi, ukoko wa wali na vichwa vya dagaa. Niliwawekea vifuu viwili vya maji, kimoja cha bahari na kimoja cha kisima, nikagundua kwamba wanakunywa yote mawili. Mchanga ukikauka walijikunyata ndani ya magamba yao kama watu wenye baridi, na nikiunyunyizia maji walitoka mmoja mmoja, wakitanguliza macho.

"Mke mwenzangu," bibi mzaa baba alikuwa akinitania, "wewe utaolewa na kaa. Mahari yako machicha."

Watu husema mwanamizi ni mjinga. Mjinga ni anayesema hivyo. Nilikaa mbele ya lile debe saa nyingi kuliko nilizokaa chuoni kusoma Kurani, nikaona jinsi anavyohama. Halirukii gamba jipya. Kwanza huliendea, akalizunguka. Hutia gando moja ndani, akapapasa kuta. Huligeuza, akaligonga, akaondoka kana kwamba halimhusu, kisha akarudi. Akisharidhika, huchomoa tumbo lake na kulitia kule ndani kabla hujapepesa jicho. Na asiporidhika, hakuna wa kumtoa. Ukimvuta hung'ang'ania hadi akatike vipande viwili. Hilo nililijua kwa kumvuta mmoja, na nilichokiona sikukipenda.

Shida ilianza na mkubwa wao. Alikuwa kama ngumi yangu, na alikuwa amelizidi gamba lake. Akijificha, magando yalibaki nje. Basi akaanza kuwashambulia wenzake. Alimshika mmoja, akaligongesha gamba lake kwenye gamba la mwenziwe, ko, ko, ko, asichoke, mpaka yule akate tamaa na kutoka. Asubuhi moja nikamkuta mmoja mchangani, uchi, amejikunja, amekufa. Mkubwa mwenyewe hakupata faida yoyote, kwani gamba lile lilikuwa dogo mno kwake. Alikuwa tayari kamshika wa pili.

Nilihitaji gamba kubwa siku ile ile, na pwani nilikuwa siruhusiwi kwenda. Mama alikuwa ndani ya arobaini yake, havuki kizingiti, nami nilikuwa mikono na miguu yake: kuchota maji, kukoroga uji wa pilipili manga, kufua vitambaa vya mtoto.

Hapo lazima niseme habari za mtoto. Kabla yake mama alikuwa amezaa wavulana wengine wawili, na wote wawili walichukuliwa na degedege kabla ya kutimiza siku arobaini. Kwa hiyo huyu alipozaliwa bibi hakubahatisha. Mtoto alipewa jina baya ili mauti yamdharau. Alilazwa juu ya ungo kwenye jaa la taka, jirani akapita na kujifanya kamwokota, akamleta kwetu kama kitu kisicho na mwenyewe. Kisha mwalimu wa chuo akaandika hirizi. Karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa uzi, ikatiwa ndani ya gamba kubwa la konokono lililooshwa kwa marashi, mdomo wa gamba ukazibwa kwa nta. Gamba likatiwa ndani ya mfuko wa kaniki, mfuko ukaning'inizwa kitandani, juu ya kichwa cha mtoto. Hiyo ilikuwa desturi ya ukoo wa bibi. Mtoto wa kiume huwa na nyumba yake yenye maneno ndani, na haiguswi mpaka siku ya arobaini.

Siku ya thelathini na moja niliigusa.

Mama alikuwa bafuni, bibi alikuwa jikoni. Nilikuwa nimejipangia hoja zangu kama kadhi. Kinachomlinda mtoto, nilijiambia, ni maneno yaliyoandikwa, si gamba. Gamba ni nyumba tu. Nikibadilisha nyumba, maneno yatabaki. Nikaufungua mfuko, nikaibandua nta kwa mwiba wa mndimu, nikatoa karatasi na kuificha ndani ya upindo wa kanga. Gamba nikalipeleka debeni. Mkubwa alilipima kwa muda ulionitoa jasho, kisha akahama. Gamba alilolihama nikalisuuza haraka haraka, nikatia karatasi ndani, nikaziba kwa nta ile ile, nikaujaza mfuko vitambaa ili unene usipungue, nikauning'iniza. Kila mtu amepata nyumba, nilijiambia. Nilijiona mwerevu sana.

Siku mbili baadaye mtoto aliamka na homa.

Kwanza alikataa titi. Bibi akasema ni joto tu. Lakini ilipofika saa tatu asubuhi mwili ulikuwa wa moto, macho yamelegea, na mara moja mkono wake ulishtuka peke yake. Mama aliuona mkono ule, nami niliuona. Nilijua mama anahesabu nini. Yule wa pili alianza hivyo hivyo, kwa mkono.

Bibi akafunga kanga yake kiunoni. "Nitamwendea mwalimu," alisema. "Ana darasa, hatatoka kabla ya adhuhuri. Alasiri atakuwa hapa, ataishusha hirizi na kuisoma upya. Mtu asiiguse!"

Alinitazama mimi? Sidhani. Lakini niliingiwa na hofu. Sikuogopa kupigwa. Kupigwa nilikuwa nimezoea. Niliogopa kitu ambacho nilikuwa nimekifahamu ghafla, nikiwa nimesimama na bakuli la uji mkononi. Maneno ya Mwenyezi Mungu nilikuwa nimeyatia ndani ya gamba lenye harufu ya kaa na kinyesi chake, na mtoto alikuwa anakufa kwa sababu hiyo. Wala hakukuwa na mtu mwingine wa kuyarudisha mahali pake. Gamba la marashi lazima lirudi mfukoni kabla ya alasiri.

Nikakimbilia uani. Mkubwa alikuwa amejificha ndani ya gamba jipya, mlango wake ameuziba kwa gando la kushoto, raha mustarehe. Nilimpangia mbele yake kila gamba tupu nililokuwa nalo. Hata kuyatazama hakuyatazama. Nikamshika miguu, nikamvuta kidogo kidogo, nikimbembeleza kwa sauti, na mguu mmoja ukakatika ukabaki mkononi mwangu. Nikaacha, nikalia. Chumbani mtoto alikuwa akilia pia, kilio chembamba cha kuchoka.

Kulikuwa na njia moja. Wavuvi wakitaka chambo hulishika gamba juu ya kaa la moto, ncha ikipata joto mwanamizi hutoka mwenyewe mbio. Nikaenda jikoni, nikachukua kaa jekundu kwa koleo, nikalileta. Nikaishikiza ncha juu yake. Nikamwona akianza kuchezacheza ndani, macho yakachomoza, akajirudisha. Ncha ikaanza kuingia weusi. Nikaliondoa gamba. Nilijiambia nimeliondoa kwa sababu bibi angeuona ule weusi, na kweli angeuona. Lakini ukweli wote ni kwamba nilimhurumia. Ndugu yangu anaungua homa chumbani, nami nipo uani namhurumia kaa. Nilijichukia siku ile chuki ambayo sijawahi kumchukia mtu mwingine.

Mwanamizi hatoki kwa nguvu, hutoka kwa kupata nyumba iliyo bora zaidi. Hilo nilikuwa nalijua kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu wa Dunda, na kwa hofu nilikuwa nimelisahau. Nilihitaji gamba kubwa kama lile au kulizidi. Na nilijua yalipo mawili.

Nyuma ya nyumba yetu, ukipita kisima na ua wa minyaa, palikuwa na makaburi ya ukoo wa baba. Ya watu wazima yalizungushiwa mawe. Mawili madogo, yaliyo sambamba, yalikuwa yamepakwa chokaa, na kila moja lilikuwa na gamba la konokono upande wa kichwa. Nilikuwa nikipita pale kila siku na ndoo. Siku zote nilidhani yamewekwa kuwa pambo.

Bibi alikuwa ameondoka. Jua lilikuwa la utosi, muadhini anaanza kuadhini adhuhuri, na bibi alikuwa amenifunza kwamba mtoto asikanyage makaburini saa kama hiyo. Nilikwenda nikisoma Kulhuwallahu bila kupumua. Nikainama kwenye kaburi la kushoto, nikaling'oa gamba. Lilikuwa limeshika kwenye chokaa, likatoka na kipande. Nikaligeuza kulikung'uta mchanga, na ndani ya mdomo wake nikaona mabaki ya nta.

Nilisimama pale na jua lote lile nikiwa na baridi. Lilikuwa hirizi yake. Ndugu yangu naye alikuwa na nyumba yake yenye maneno ndani, imezibwa sawasawa, haikuguswa na mtu, na alikufa. Mtu mzima angepata faraja hapo. Mimi sikupata. Niliwaza tu kwamba sasa nimewaibia ndugu zangu wawili.

Nikaliosha kwa maji ya chumvi, nikaliweka mchangani, shubiri moja tu mbele ya mkubwa. Kisha nikakaa kimya, kwa sababu ukijitikisa hujificha. Sijawahi kungoja vile tena, hata uchungu wa kuzaa wanangu haukuwa mrefu kama ule. Alitoa macho. Alitoa magando. Akaliendea, akaligusa, akaliacha, akaenda kunywa maji. Alikwenda kunywa maji! Nikauma kanga yangu. Chumbani mtoto aliacha kulia, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. Mkubwa akarudi. Akatia gando ndani, akapapasa. Akalizungusha mdomo umwelekee yeye. Akasita, akasita tena, na mara tumbo lake lile jekundu likapita mbele ya macho yangu, akawa upande wa pili.

Nikalinyakua gamba la marashi. Na nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mtoto begani.

Alikuwa hajavuka kizingiti. Miguu yake ilikuwa imesimama pale pale mwisho wa sakafu. Alilitazama gamba nililoshika, akalitazama debe, na macho yake yakasimama juu ya gamba alilokuwa amelivaa mkubwa, lenye chokaa pembeni.

"Lile umelitoa wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kuanzia siku ya thelathini na moja, kwa kwikwi na makamasi. Nikamwambia nimemuua mwanawe. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa gamba la marashi. Alilinusa. Kisha akausugua weusi wa ncha kwa kidole gumba, polepole, kama anayefuta uso wa mtoto.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mama."

"Basi kanawe uso. Na funga mdomo wako. Atakayesema ni mimi."

Mwalimu alifika alasiri na bibi nyuma yake. Nilimwamkia shikamoo. Bibi alipounyoosha mkono kwenye mfuko wa kaniki, mama akasema kutoka kitandani, "Mama, usisumbuke. Hirizi nimeifungua mimi. Nilitaka kuona kilichomo, nikaliangusha gamba karibu na jiko. Karatasi nikaitia ndani ya gamba lililokuwapo."

Bibi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alimtazama mkwewe, akasema, "Huyu mtoto akifa, umemuua wewe." Na mama akajibu, "Najua."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, nadhani alitamani kuwa mahali pengine. Aliitoa karatasi, akaikung'uta, akasema imeingia unyevu, ataandika nyingine. Akaandika kombe pia, aya za zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, mama akayanywa, mengine wakampaka mtoto. Kuhusu gamba alisema hana haja nalo. Maneno yanatosha katika kitambaa safi. Mimi nilikuwa kona ya chumba, nikasikia hoja yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwa mwalimu, na haikunisaidia chochote.

Jioni ile, nilipompelekea uji, nilimwuliza mama kwa nini. Alikuwa akimpepea mtoto.

"Mimi nimeshazika wawili," alisema. "Wa tatu nitambeba na lawama yake. Wewe ukibebeshwa leo, utazeeka naye."

Siku tatu bibi hakumsemesha mama. Alipika, akafua, akampokea mtoto, akamrudisha, bila neno. Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili mkono ulishtuka mara mbili, na mama alikaa ameushika ndani ya wake kuanzia asubuhi mpaka magharibi, kana kwamba ukishikwa hautaweza. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, mtoto alitoka jasho jingi, akalala, akaamka akitafuta titi. Bibi akaenda kusimama jikoni peke yake, nikamwona akifuta macho kwa moshi ambao haukuwepo.

Lakini gamba la kaburini lilikuwa bado linatembea debeni. Mama alinipa lile la marashi nimwekee mkubwa tena, labda atahama. Hakuhama. Alikuwa amenogewa. Kila asubuhi, nikimletea mama maji ya moto, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ametoka?" Nami nikajibu, "Bado." Bibi akidhani tunazungumzia uzazi wa jirani. Siku ya thelathini na nane mama akaniambia nimwekee machicha yenye mafuta ndani ya gamba lile, na mimi, mjuzi wa wanamizi, sikuwa nimelifikiria hilo. Siku ya thelathini na tisa asubuhi nikalikuta gamba la ndugu yangu liko tupu mchangani, na mkubwa yuko ndani ya la marashi, anakula.

Siku ya arobaini mtoto alinyolewa nywele. Majirani walijaa barazani na ubani na vigelegele. Mama alitoka amejifunika kanga mpya, mtoto mikononi, na kabla ya kukaa na wageni alinishika mkono, tukazunguka nyuma ya nyumba. Tulipofika kwenye ua wa minyaa alisimama.

"Ndiyo yale mawili?" aliuliza.

Nilimtazama nisielewe. Kisha nikaelewa. Wanawake wa kwetu hawafuati jeneza, na mara zote mbili mama alikuwa ndani ya arobaini. Baadaye bibi alimkataza asikanyage pale mpaka apate mtoto atakayevuka siku hizo, asije akamwitia mwingine mauti. Miaka mitatu yote mama alikuwa akipikia upande wa pili wa ua ule, hajawahi kuyaona.

"Ulilitoa kwa yupi?"

Nikamwonyesha la kushoto.

"Huyo ni wa kwanza au wa pili?"

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia, wala mimi sikuwahi kuuliza. Mama alikuwa ananitazama usoni, machozi yamemjaa, anangoja jibu langu, maana hakuwa na mwingine wa kumwuliza siku ile mbele ya wageni. Nilikuwa nimemsababishia mengi mno, sikuweza kumwambia sijui.

"Wa kwanza," nikasema.

Mama akanipa mtoto, akatwaa gamba nililokuwa nimelificha ndani ya kanga, akapiga magoti. Akaliweka gamba mahali pake, akalikandamiza kwenye mchanga, akamwita mwanawe wa kwanza kwa jina lake, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula. Kisha akageukia la kulia, akamwita mwingine.

Bibi, ambaye ndiye aliyeyaweka yale magamba na kujua lipi ni la nani, alifariki masika yaliyofuata, na sikuwa nimethubutu kumwuliza, yeye wala baba. Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila Ijumaa alianza na kaburi la kushoto, akamwita mwanawe mkubwa, kisha la kulia, akamwita mdogo, nami nilisimama nyuma yake nikiitikia dua. Sikumwambia.